Barua kwa Mzee Nyangeta

Kwangu mimi sarufi ya Kiingereza ina harufu ya pamba. Najua mtashangaa, lakini nivumilieni kidogo. Juzi hapa nyumbani Musoma mjukuu wangu Neema alikuwa mezani na daftari lake, anakariri kwa sauti: "I enjoy reading, I want to read. I enjoy cooking, I want to cook." Mimi nilikuwa jikoni nachagua mawe kwenye mchele. Ghafla pua ikanijaa harufu ya pamba mbichi iliyokaa siku nyingi ndani ya chumba: vumbi, majani makavu, na ule umafutamafuta wa mbegu. Niliweka ungo chini nikaenda dirishani kutazama kama kuna lori la pamba limepita. Hakukuwa na lori, ilikuwa sauti ya mtoto tu.

Neema akaniuliza kama na sisi zamani tulifundishwa mambo hayo. Nikamwambia tulifundishwa, tena shambani, tumeinama. Akanitazama kama mtu anayedanganywa, akarudi kwenye daftari lake. Basi ngoja niwasimulie ninyi, maana ninyi hamna mtihani kesho.

Nilisoma shule ya msingi katika kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu hadi Mugeta kwenye ghala la pamba. Kijiji kilikuwa kipya. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye makazi yetu yaliyotawanyika, tukapangwa mistari, mlango kwa mlango, hata kuku jioni walikuwa wanaingia nyumba zisizo zao. Shule nayo ilikuwa mpya: vyumba vitatu vya matofali ya udongo, paa la nyasi, na shamba la pamba kubwa kuliko shule yenyewe. Ilikuwa enzi ya elimu ya kujitegemea, na jembe tulilibeba kila siku kama tulivyobeba daftari.

Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Mhina, kijana mwembamba kutoka Tanga, mwenye Kiswahili laini kilichotufanya tuone haya kufungua midomo. Sisi nyumbani tulisema lugha zetu, Kiswahili tulikikuta shuleni, na kabla hatujakizoea Kiingereza nacho kikaja juu yake. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada. Msimu wa kuchuma ulipofika, kipindi chake kikawa kinaangukia saa za shamba, naye hakuwa mtu wa kukubali kipindi kipotee. Alitembea katikati ya mistari ya pamba, mikono nyuma, akiita kitenzi na jina la mtu. "Enjoy! Wambura!" Wambura, huku anachuma, alitakiwa atoe sentensi. Akikosea, wenzake wakienda kunawa kijitoni yeye alibaki akichambua fifi, ile pamba chafu yenye madoa ambayo haiwezi kuuzwa pamoja na safi.

Mtihani wenyewe ulikuwa huu: vitenzi vingine vya Kiingereza vinataka "to" mbele ya kitenzi kinachofuata, na vingine vinataka "ing" nyuma yake. Mwalimu alitupa majina ya kisarufi ya mambo hayo, marefu, tukayasahau siku ileile. Sisi watoto wa wafugaji tulijiwekea yetu. "To" tuliita pembe na "ing" tukaita mkia. "Want" anataka pembe. "Enjoy" anataka mkia. Mwalimu akiita kitenzi, mstari mzima ulimnong'oneza anayeulizwa, "Mkia, mkia," na kuna siku Mwalimu alisikia, akasimama, akauliza mkia wa nani. Tukainama tukachuma.

Sasa nitawaambia jambo ambalo Mwalimu hakulijua. Kwetu sisi, Kiingereza hakikuwa lugha ya kusemea ukweli. Kilikuwa lugha ya vitu tusivyokuwa navyo. Wambura, ambaye hata kandambili hakuwa nazo, kwa Kiingereza alikuwa na baiskeli na alipenda kuiendesha. Bhoke kwa Kiingereza aliishi Dar es Salaam na alitaka kununua friji. Hatukuona kwamba tunadanganya. Mwalimu anataka sentensi yenye mkia, wewe unampa, yeye anasema "Good," mnaendelea kuchuma. Nani alifikiri kwamba anasikiliza maneno yenyewe?

Tatizo langu lilianza pale Mwalimu alipotuambia kila sentensi ianze na "My father". Wenzangu waliona ni nafuu. Mimi nilisimama na pamba mkononi nisijue nimuweke nani pale.

Nyumbani kwetu hakukuwa na mwanaume. Kulikuwa na Bibi na Mama. Bibi aliitwa Nyangeta. Alikuwa ameolewa ujanani, hakujaliwa mtoto, mume akafariki, na nyumba ikabaki ya kuzimika. Kwetu Mara jambo hilo lina dawa yake. Bibi alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akaenda kwa wazazi wa Mama, akamuoa Mama. Hiyo inaitwa nyumba ntobhu: mwanamke anamuoa mwanamke mwenzake ili apate watoto wa kuendeleza nyumba. Mimi nilizaliwa humo. Mwanaume aliyehusika hakutajwa, na kwa desturi hakuwa na lake. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye nyumba na ndiye mwenye mtoto, na kwenye rejista ya shule nikaandikwa Mugesi Nyangeta. Watu wa kwetu waliona ni kawaida kabisa, ingawa wachache wa kanisani walikuwa wameanza kuguna. Mimi nami nilikuwa nimeanza kuyasikia maguno yao.

Kwa hiyo siku Mwalimu alipoita, "Enjoy! Mugesi! Father!" mimi nilivuta pumzi nikasema, "My father enjoys driving a lorry." Mkia ulikaa sawasawa. "Good," akasema Mwalimu. Utamu wa lile neno uliniharibu. Kesho yake baba yangu alitaka kwenda Mwanza. Keshokutwa akapenda kuniletea mkate kila anaporudi safari. Nilimpa kofia, nikampa redio, nikampa kicheko kikubwa. Wenzangu walimjua Bibi vizuri, lakini hakuna aliyenisema, maana na baiskeli ya Wambura nayo ingeulizwa.

Mavuno yalipokwisha, pamba ya shule ilijazwa kwenye magunia na kurundikwa nyuma ya darasa letu, kwa kuwa stoo haikuwapo. Tulisoma tumeegemea magunia. Lori la kuichukua lilitakiwa kufika wiki ile, halikufika, wala wiki iliyofuata. Paa letu la nyasi lilikuwa na matundu tuliyoweza kuyahesabu, na pamba hiyo ndiyo tuliyotegemea ituletee bati. Mawingu yakaanza kusimama upande wa ziwa kila alasiri. Mvua moja tu ingetosha kuigeuza pamba yote kuwa fifi, na kazi ya mwaka mzima ya watoto ingekuwa ya kutupwa.

Hapo ndipo Mwalimu Mhina aliponiita pembeni, uso umemchangamka, akanikabidhi barua. Akaniambia nimpe baba leo leo. Nilitaka kumwambia. Nawaapia nilifungua mdomo. Lakini kwa Kiswahili sikuweza kusema, na kwa Kiingereza nilijua mikia na pembe tu.

Barua niliificha katikati ya daftari langu la Jiografia. Asubuhi Mwalimu aliuliza baba amesemaje, nikajibu amesafiri. Siku ya pili nikajibu bado yuko Mwanza. Siku ya tatu Mwalimu aliliambia darasa zima tusiwe na wasiwasi, baba yake Mugesi akirudi pamba itaondoka. Wenzangu wote wakageuka kunitazama, na Wambura akainamisha kichwa. Sikula siku hiyo. Nilikuwa naangalia mawingu na naangalia magunia, na nilijua kwamba kama mvua itanyesha itakuwa imenyesha kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Mama alikuwa anasoma elimu ya watu wazima, akinamama walikutana alasiri kwenye darasa letu hilohilo, na nyumbani alikuwa anajizoeza kwa kusoma madaftari yangu. Alisoma chochote, hata hesabu. Jioni hiyo, jua bado lipo, akafungua Jiografia. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na kiko chake, anachambua pamba ya nyumbani. Mimi nilikuwa nasuuza vibuyu vya maziwa. Nikamsikia Mama anaanza kusoma kwa kukokota, herufi kwa herufi, na vibuyu vikanitoka mikononi.

"Kwa Mzee Nyangeta, baba yake Mugesi. Salaam. Mimi ni mwalimu wa binti yako. Nimesikia kutoka kwake kwamba wewe ni dereva wa lori. Pamba ya shule iko darasani, gari la kuichukua halijafika, na mvua ziko karibu. Tunakuomba, ukiwa mzazi, utusaidie kuifikisha Mugeta. Wako katika ujenzi wa taifa."

Mwalimu wa watu, kwao Tanga, angejuaje kwamba Nyangeta ni jina la kike? Aliona jina la pili kwenye rejista akajua ndiye baba.

Mama alielewa kabla hajafika mwisho. Aliinuka na fimbo ya kuchungia ndama, na sikumlaumu, maana nilikuwa nimemfuta mtu mwenye nyumba mbele ya shule nzima. Bibi alitoa kiko mdomoni.

"Muache," alisema. "Soma tena pale mwanzo."

Mama akasoma tena. "Kwa Mzee Nyangeta, baba yake Mugesi." Bibi akanyoosha mkono akaichukua ile karatasi, akaitazama juu chini, akaikunja akaitia ndani ya kifua cha gauni lake. Akarudi kwenye pamba yake. Hakuniuliza neno, na mimi nilitamani anichape yaishe.

Asubuhi Mama aliniambia nisitangulie shule, nimsubiri Bibi. Bibi alitoka amevaa koti la marehemu mume wake, zito, lililonuka moshi, ambalo nililiona likivaliwa misibani tu. Akawafunga ng'ombe wake wawili kwenye mkokoteni tuliokuwa tunabebea maji na samadi, akaushika mjeledi, akatembea mbele. Tulipita katikati ya kijiji, mbele ya ile mistari ya nyumba, na mimi nyuma nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Shule yote ilikuwa mstarini. Mwalimu Mhina alikuja kutupokea.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Mwalimu, ile barua nilipata."

"Barua ipi, mama?"

"Ya Mzee Nyangeta. Nyangeta ndo mimi. Lori sina, mtoto alikuwa anacheza tu. Ng'ombe niko nao."

Mwalimu alinitazama, akatazama mkokoteni, akasema kwa upole kwamba labda kuna makosa, yeye alimwandikia baba wa mtoto.

"Ndo mimi," Bibi akasema. "Mama yake, mimi ndo nilimtoleaga ng'ombe. Uliza hawa."

Mwalimu mkuu, mtu wa kwetu, aliyekuwa amesimama karibu na bendera, alikohoa kidogo. "Ni kweli, Mhina. Huyu ndiye baba yake."

Nilimtazama Mwalimu Mhina usoni kwa mara ya kwanza tangu anipe barua. Nilikuwa nasubiri acheke, au anigeukie mimi. Alivua kofia yake, akainama, akamsalimia upya. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Bibi akaitikia, na akaanza kuuliza magunia yako wapi.

Waliopakia walikuwa wanafunzi wa darasa la saba. Magunia hayakuenea, ikabidi safari mbili, leo na kesho, na safari zote mbili mimi nilitembea nyuma nikizuia mkokoteni kwa jiwe kila tulipopumzika mlimani. Safari ya kwanza tulikwenda muda mrefu. Ng'ombe walinyanyua vumbi, pamba ilinuka jua. Hatimaye Bibi aliongea bila kugeuka.

"Huyo wa lori, akirudi safari anakuleteaga nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mkate," nikasema.

"Mkate wa dukani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mtamu?"

"Sijui. Sijawahi kuula."

Bibi alicheka. Alicheka mpaka akashika nira ya ng'ombe asianguke, na kiko kikadondoka mavumbini, nikakiokota nikakifuta kwa sketi yangu. Mimi nilianza kulia. Hakuninyamazisha wala hakuniuliza kinachoniliza, aliwasukuma ng'ombe tu, tukaendelea.

Mugeta tulishusha magunia ghalani, yakapimwa, yakapokelewa yote kuwa pamba safi. Bibi aliniacha nikiwashika ng'ombe, akavuka barabara. Alirudi na mkate umefungwa kwenye gazeti, akaniwekea mikononi, bado una uvuguvugu, na nilikuwa sijui hata unashikwaje.

"Haya," alisema, "na mimi nimerudi safari. Kula."

Nilikula nimesimama, kamasi na machozi na mkate pamoja. Nimekula mikate mingi tangu hapo, hata ya hoteli kubwa, na sitawachosha kwa kuilinganisha.

Mvua ilinyesha siku tatu baadaye. Mwalimu Mhina hakuwahi kunigusia ule uongo. Ila msimu uliofuata, tuliporudi kuchuma, sentensi hazikuanza tena na "My father". Alisema tumtaje yeyote tunayekaa naye, na tuseme anachofanya kweli. Wambura aliona huo ni uonevu, lakini alipoulizwa alisema bibi yake anapenda kukoroma, mkia mahali pake, na Mwalimu mwenyewe alicheka.

Mngedhani habari imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Lakini Bibi hakuirudisha ile barua wala hakuichoma. Ilikaa ndani ya kopo lake la tumbaku, na kila mwaka baada ya mavuno alikuwa ananiita, mikono yake ikiwa imetulia, anasema, "Nisomee barua yangu." Nilikuwa nasoma nikiwa nimeinama, masikio yanawaka. Ikifika habari ya dereva wa lori nilikuwa naikimbiza. Yeye hakujali habari ya lori. Alikuwa anasema, "Soma tena pale mwanzo." Nami kwa miaka mingi niliamini ananiadhibu, polepole, kwa namna ya wazee wasiopiga. Nilifaulu, nikaenda sekondari hapa Musoma, na hata likizo nilikuwa naogopa msimu wa pamba kwa sababu ya lile kopo.

Nilipokuwa tayari nafundisha, na nina mtoto wangu mgongoni, nilikwenda nyumbani wakati wa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa anaita majina ya wakuu wa kaya kutoka kwenye daftari lake. Akafika kwetu, akaita, "Mjane wa marehemu Magoti." Bibi akaitikia, "Abee," kama wanawake wote wanavyoitika, katikati ya "Naam" za wanaume. Nikatazama kadi yake ya kuuzia pamba: jina la marehemu. Nikakumbuka daftari la kanisa: mjane. Mwanamke huyu alikuwa ametoa ng'ombe wake, amejenga nyumba, amenilea, na hapakuwa na karatasi yoyote duniani iliyomwita anavyostahili, isipokuwa moja, iliyoandikwa na mgeni aliyekosea, kwa sababu ya uongo wa mtoto. Nilikaa pale mkutanoni nikiona haya upya, safari hii kwa sababu nyingine. Miaka yote ile nilikuwa nasoma haraka haraka kitu ambacho yeye alikuwa anakifurahia.

Alipougua mara ya mwisho nilikaa naye. Karatasi ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, vipande vinne, na maandishi yamefutika kwa tumbaku. Sikuvihitaji. Alasiri moja aliniomba barua yake, nikashika vile vipande mbele ya macho ili aone ninasoma, nikasoma yote bila kukimbiza, na lori likiwamo. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Soma tena pale mwanzo," akasema.

Nikasogea karibu, nikasoma taratibu, neno moja moja, kama Mama alivyosoma siku ile. "Kwa Mzee Nyangeta, baba yake Mugesi."

"Naam," akaitika Bibi.